O Yenye Mwanya

"Mama, mbona o yako haifungi?"

Nilikuwa nimemwandikia "mkono" kwenye daftari anakili. Akanakili kila kitu, hata ule mwanya mdogo juu ya herufi, na mwalimu wake akatia kosa kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia nitamweleza baadaye. Siku tatu zimepita.

Ilikuwa 2006, mwaka wa ule mgao, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipopungua na umeme ukawa wa kubahatisha. Kompyuta za chuo zilifunikwa vitambaa mchana kutwa. Sisi watano tulikuwa na mashairi yetu, pamoja na hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu wa Kinyamwezi, na tulitaka kijitabu kabla hatujatawanyika kwenda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni. Ndipo tukaikumbuka Gestetner, mashine ya kudurufu ya mpini, iliyokuwa stoo chini ya viti vibovu. Mzee wa stoo alikuwa ameidurufia mitihani tangu sisi hatujazaliwa.

Wino ulikuwa umeganda. Tukaulainisha kwa mafuta ya taa. Shida ilikuwa stensili, maana hakuna duka lililoziuza tena. Mzee akatuambia, "Stensili ni karatasi yenye nta, wanangu. Na nta Tabora mnaikosaje?"

Kweli, tungeikosaje? Mwenzetu wa Sikonge, ambaye baba yake ni mrina asali, alirudi Jumatatu na bonge la nta ndani ya mfuko wa rambo. Tukachukua zile karatasi laini zinazofungia viatu vipya, tukazipaka nta, tukazibana katikati ya magazeti na kuzipiga pasi ya mkaa. Bweni zima lilinukia mzinga. Kisha tukaweka msasa chini, tukaandika kwa biki iliyoisha wino. Pale ncha ilipopita, nta ilitoka na kuacha njia ya wino.

Jaribio la kwanza lilikuwa shairi la rafiki yangu wa Isevya. Kila o iliyofungwa ilikatika na kudondoka katikati. Neno "moyo", alilolitumia mara nne, likawa na matundu mawili meusi. Alilishika lile karatasi muda mrefu bila kusema neno. Nikakaa chini kuandika stensili upya, safari hii nikiacha mwanya katika kila o, ili kile kipande cha katikati kipate pa kushikilia.

Usiku ule tulikuwa na kandili moja. Mzee alivua koti, akaifunga stensili kwenye silinda kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunga mtoto nepi. Akazungusha mpini mara moja, karatasi ikatoka nyeupe. Mara ya pili, kivuli. "Msiisukume. Iacheni ije yenyewe." Mara ya tatu yakatoka maneno, meusi, bado mabichi, na kila "moyo" ulikuwa mzima. Rafiki yangu akaanza kulisoma kwa sauti. Mzee hakusimama, alizungusha kwa kufuata mizani ya shairi, mapigo nane, tua, mapigo nane, hadi nikashindwa kujua ni nani aliyekuwa akimfuata mwenzake. Hakuna mahafali niliyowahi kuhudhuria yaliyonigusa kama dakika zile.

Nakala ya 63 ilitoka na mchirizi. Stensili ilikuwa imechanika. Kurasa nyingine tulizimaliza wiki iliyofuata, tukashona kwa uzi, tukagawa. Nakala yangu ilipotea nilipohamia Urambo. Mashine, nasikia, iliuzwa kwa uzito, chuma chakavu.

Lakini ile stensili iliyochanika, Mzee aliibandua, akaifuta wino kwa gazeti, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Sikumwuliza anaipeleka wapi. Kwa miaka mingi aliokuwa akidurufu, bila shaka alizitupa mamia.

Jana usiku nilichukua daftari la binti yangu nimwandikie "moyo". Nilijaribu kuifunga ile o ya kwanza. Mkono ulikataa.