Siku yangu moja na majina ya watu waliolala Mombasa

Kazi yangu mimi ni kuandika mashahidi. Kwa wasiojua, shahidi ni lile jiwe la kichwani mwa kaburi, sisi hapa Mombasa ndo tunavoliita, na jina limekaa mahali pake manake lile jiwe linatoa ushahidi kwamba hapa kuna mtu, alikuwa na jina na alikuwa na watu wake. Nlifunzwa na ami yangu, mwaka wa 19 huu sasa, na watu huniuliza siku yako inakuaje we mtu wa makaburi, basi nawaandikia Alhamisi iliopita vile ilivokwenda.

Saa 11 alfajiri. Adhana imenikuta macho. Nakaa Kisauni. Nishaswali, mke wangu kanipa chai ya tangawizi na mahamri mawili na mbaazi, nikabeba mkoba wangu, ndani mna patasi, nyundo ndogo, msasa, brashi mbili nyembamba na kopo la rangi nyeusi ya mafuta.

Saa 12 na nusu hivi matatu ikafika Kengeleni, konda anapiga kelele "Kengeleni washukao!" na watu wanashuka wanakwenda zao, na kengele yenyewe iliyopa mahali hapo jina ipo pale pale. Mtaa ule ni Frere Town, ulianzishwa 1875 na wamisionari wa Kiingereza kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele ilikuwa ikilia kuwaonya wakionekana wakamataji wanakuja. Mimi nkipita pale huwa namfikiria Mchungaji William Jones. Alikuwa Myao, akauzwa mtoto, akakombolewa akalelewa Bara Hindi kisha akarudishwa pwani, na 1885 Askofu Hannington alipouawa kule Busoga ni huyu Jones alieuongoza msafara uliobaki mpaka ukarudi nyumbani. Sasa niambie, Myao gani anaitwa Jones? Mamake alimwita jina lengine, na kuna mamia walioshushwa pale wakapewa majina mapya namna hiyo. Mtu wa kazi yangu jambo hili linamuuma kweli kweli, kwa sababu hata ukimwandikia shahidi zuri la marumaru, lile jina la kwanza alilobembelezwa nalo ndo halimo.

Nikashuka kabla ya daraja la Nyali nikachukua boda hadi upande wa baharini, kwenye kaburi la Bi Rosina. Hapa sikuitwa na mtu wala silipwi, napitia tu mara moja moja. Rosina ni mke wa Krapf, yule mmisionari wa Kijerumani alieandika kamusi ya Kiswahili. Walifika Mombasa Mei 1844, na Julai mwaka uo huo Bi Rosina akajifungua mtoto wa kike, homa ikampata siku zile zile, akafa tarehe 13, na mtoto nae akamfuata baada ya siku chache tu. Krapf mwenyewe alikuwa hoi na homa hiyo hiyo. Wakazikwa huku bara, ng'ambo ya Mji wa Kale. Baadae akawaandikia wakubwa wake kwamba sasa wana kaburi pwani ya Afrika Mashariki na hiyo ni alama kwamba kazi imeanza. Mimi ni Muislamu na sikubaliani na kila alichokuja kukifanya, lakini mtu alielala na homa huku anawazika mke na kitoto chake siwezi kumpita hivi hivi. Yeye akaendelea kukusanya maneno yetu, 1849 akauona mlima Kenya, akafia Ujerumani 1881, na kamusi ikatoka 1882, keshakufa. Yaani yeye amezikwa Korntal kwao na mkewe na kitoto wako hapa kwetu. Nikang'oa majani yaliyoota pembeni, nikakaa dakika chache upepo wa asubuhi ukivuma, nikaondoka.

Saa 2 nishafungua banda langu Majengo. Kijana ninaemfundisha, nimwite tu kijana manake hataki jina lake huku, alikuwa keshafagia na keshaweka jiwe juu ya meza. Kazi kubwa ya leo ni jiwe la babu mmoja, aliekuwa kuli wa bandari Kilindini. Mjukuu wake ndie alieleta kazi, dada mmoja mpole sana, katuma nusu ya pesa kwa simu na picha ya kitambulisho cha zamani. Kwenye kitambulisho mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia, wazee wengi wa zama zile wako hivyo, aliulizwa ofisini akasema nlizaliwa mwaka wa njaa, karani akaandika alichopenda yeye.

Sasa nieleze kidogo jiwe linaandikwa vipi. Unapiga msasa mpaka uso uwe laini, unachora mistari kwa penseli, unapanga herufi, na hapa ndo pana kazi manake jina refu kama Abdulrahman usipolipima litaishia ukingoni limebanana kama watu kwenye matatu ya jioni. Alafu unachonga. Patasi unailaza kidogo, unapiga nyundo kwa kugusa gusa tu, ukitaka herufi ishike rangi lazima uchonge mfereji wenye pande mbili zinazokutana chini, usichonge kama handaki lenye sakafu. Mfereji wa sakafu maji ya mvua yanakaa, chumvi ya bahari inaingia, na haichukui muda rangi imebanduka jina halisomeki. Kijana alichonga herufi ya M yake ya kwanza leo kwenye kipande kibovu. Mguu mmoja umeinama lakini mfereji ni sawa kabisa, nikamwambia huu mkono utatulia.

Mimi mwenyewe nlishawahi kukosea jina la mtu, miaka mingi sasa, niliandika Mwanaisha pahali pa Mwanasha. Mtoto wake akaja akasimama mbele ya jiwe akanyamaza, hakunigombeza, alisema tu mama hakuitwa hivyo. Nililivunja nikachonga jengine kwa gharama yangu. Tangu siku ile jina nalisoma kwa sauti mara tatu na mwenye maiti akiwepo.

Saa 4 nikaenda Mji wa Kale kununua rangi na nikapita Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Kulikuwa na basi la shule, watoto tele, wanatazama mizinga. Vijana wawili wa kidato cha nne hivi wakanifuata, "Shikamoo mjomba, makaburi ya Mazrui ni wapi?" Wallahi nlifurahi. Ngome inajulikana, ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, kila mtu anapiga picha, lakini makaburi yako hapo hapo mkabala nayo na watu wanapita wakila mihogo hawajui nani amelala mle. Nikawapeleka hadi ukutani. Nikawaambia Profesa Ali Mazrui yumo humu. Alizaliwa Mombasa hii hii 1933, akasomesha Makerere, akasomesha Marekani, akaieleza Afrika kwenye televisheni za dunia 1986, akafia New York Oktoba 2014, na mwili ukaletwa nyumbani, ukafika alfajiri ya Jumapili tarehe 19, akaoshwa nyumbani kwao, akaswaliwa msikiti wa Mbaruk, akazikwa hapa kwa wazee wake. Mmoja akauliza kwani Marekani hakuna makaburi? Nikamwambia yapo mwanangu, lakini mtu anarudi kwa watu wake.

Nikawaambia na habari za babake manake mimi naona babake anasahauliwa na haifai. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipokufa 1947. Huyu alitoa gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932, akiandika yeye mwenyewe kuwaamsha Waislamu wa pwani wasome, waache mambo ya kuzua, wasikae tu kujivunia ukoo. Alipokufa Ali alikuwa na miaka 14. Na kabla yao hao kuna wale Mazrui waliotawala Mombasa kama miaka mia hivi mpaka Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alipowang'oa 1837, na Muyaka bin Haji akiwatungia mashairi ya kuwapa moyo na kuwachokoza maadui. Muyaka amekufa 1840 na mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya na Mwingereza mmoja, Taylor, akayaandika. Lau Sikujua asingejali tusingekuwa nayo leo. Wale vijana waliandika hayo kwenye simu zao, sijui walimu wao watawauliza au vipi, lakini waliandika.

Saa 6 na nusu, adhuhuri, nikaswali, na baada ya swala kukatangazwa jeneza. Mzee wa mtaani, fundi wa cherehani, namjua tangu mdogo. Tukamsindikiza Sarigoi. Nataka niseme hapa, watu wakisikia makaburi ya watu maarufu wanafikiri ni mahali mbali na wao, lakini Sarigoi na Kikowani masheikh wakubwa, madereva, wauza kahawa, wote wamelala safu moja, na namna ya kuzikwa ni ile ile moja. Kaburi linachimbwa, ndani upande wa kibla linachimbwa la pili, mwanandani, maiti anaingizwa mle kwa ubavu, uso kibla, kisha viunza vinapangwa kumkinga ndo udongo unarudishwa. Kila mmoja anachukua mafumba matatu. Udongo wetu wa kisiwani una vipande vya matumbawe, unausikia ukigonga mbao tok tok, alafu ile sauti inapungua taratibu mpaka haisikiki tena. Nimesikia mara nyingi sana na bado sijaizoea. Mwanawe mkubwa alinishika mkono tukitoka akaniambia "ami, na jiwe lake utamfanyia wewe," nikamwambia tulia kwanza, hitma ipite.

Chakula cha mchana viazi karai na ukwaju, nimesimama, hamna la kusimulia.

Saa 9 na nusu tulipeleka kopo la rangi makaburi ya Mbaraki kwa familia moja ya Kikristo iliyotaka herufi za bibi yao zipakwe upya. Saa nzima, herufi 41, nimezihesabu. Pembeni kuna makaburi ya wanajeshi wa vita, yamepangwa safu sawasawa kama gwaride, mabaharia wa Kiingereza wamo manake kuanzia 1942 Kilindini ilikuwa kituo cha manowari zao, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa mahali pa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua siri zao. Kila jiwe lina jina. Kijana akaniuliza, "na wetu wako wapi?"

Sikumjibu pale. Tukirudi nikamshusha barabara ya Jomo Kenyatta kwenye sanamu za askari. Zile sanamu ziliwekwa 1927, kwa ajili ya Waafrika waliokufa vita vya kwanza, askari na wale wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, waliobeba mizigo ya jeshi kutoka hapa hadi Tanganyika wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara na homa, wala si kwa risasi. Maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Na yanasema ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Kijana akazunguka sanamu yote, akarudi. "Bosi, mbona majina hayapo?" Ndo hivyo. Jiwe linasema jina lako litakumbukwa na juu yake hakuna hata jina moja. Nimepita pale tangu utotoni na kila nikisoma yale maandishi kifua kinanibana. Ningepewa ruhusa na orodha ningechonga bure, jina moja moja, hata inichukue umri wangu wote uliobaki.

Tulisimama pale mpaka taa zikaanza kuwaka, tuktuk zikitupigia honi.

Saa 1 na nusu usiku yule dada wa jiwe la babu akaja bandani, kavaa buibui lake na kapiga miwani, katoka kazini moja kwa moja. Nikamsomea jina kwa sauti mara tatu. Akaitikia ndio, ndio, ndio. Nikamuuliza mwaka wa kuzaliwa tuweke ule wa kitambulisho? Akafikiria, akasema hapana, usiandike uongo juu ya babu, acha wa kufa peke yake, na chini yake kama nafasi ipo niandikie Kuli wa Kilindini, manake alikuwa akijisifia hilo mbele za watu. Nafasi ipo. Nikapima kwa penseli mbele yake, herufi 15, akapitisha kidole juu ya mistari kabla sijachonga.

Kijana ameomba aichonge ile K ya kwanza yeye. Nimemruhusu, lakini kesho asubuhi kukiwa na mwanga, alafu baada ya Ijumaa tunalipeleka Sarigoi na nusu mfuko wa simiti.