Waliniambia niuze Subaru ninunue Toyota IST

Wakuu, naandika hii nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu juzi nimeenda Babati na kurudi Dodoma mshale wa temprecha haujatikisika hata kidogo, hasira kwa sababu nikikumbuka hela nilizotupa kwa kusikiliza watu nashikwa na kizunguzungu.

Chuma yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2001, ile ya macho ya duara, namba B, gia za mkono, rangi ilikuwa bluu sasa hivi tuseme ni bluu ya kumbukumbu. Mwaka wa tisa huu niko nayo. Na ukimiliki gari ya hivi hapa mjini jua kabisa umejiandikisha kupewa ushauri. Kijana wa kuosha magari anakushauri, muuza vocha anakushauri, shemeji ambaye leseni yenyewe hana na yeye anakushauri, na wote wanaishia palepale: "Uza hilo, chukua IST, spea zake mpaka kwa Mangi zipo." IST gari nzuri, sina ugomvi nayo, mke wangu anaitaka. Ila mi sijawahi kuona mtu anashuka kwenye IST, anafunga mlango, anatembea hatua kumi halafu anageuka kuiangalia tena.

Hii ugonjwa ilinianza utotoni. Kinyozi wetu kule Majengo alikuwa na picha ukutani, Impreza ya bluu yenye maandishi ya njano 555 iko hewani matairi yote manne, vumbi nyuma kama moshi wa tanuri la matofali. Kwa mtoto wa Dodoma vumbi lile lilikuwa la nyumbani kabisa. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995 na Subaru, na 1997 akaja hapo Kenya akashinda Rali ya Safari na Impreza, halafu mwaka 2000 Richard Burns akashinda Safari hiyohiyo na Impreza tena. Na hao wanaoicheka gari yangu eti ina macho ya chura, nawaambia mwaka 2001 huyohuyo Burns alikuwa bingwa wa dunia na gari yenye uso huuhuu. Wananyamaza dakika mbili, kisha wanarudi kwenye IST.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka juzi natoka Kondoa naenda Babati, nimeshapita Kolo napandisha kilima kuelekea Bereko, mguu mzito, tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukumie injini hewa) imeshika, injini inanguruma ule mngurumo wake wa kugongagonga (hizi Subaru mapaipu ya ekzosi hayalingani urefu kushoto na kulia, ndo maana zinasikika kama mtu anapiga ngoma akiwa mbali), nafurahia maisha, naangalia dashibodi mshale uko juu kwenye H. Nikaegesha. Mvuke kama birika la msibani. Akatokea mzee na baiskeli, madumu manne ya maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Imechemsha?"

"Imechemsha mzee wangu."

Akazunguka mbele, akaangalia lile tundu la juu ya boneti, akatikisa kichwa. "Sasa tundu lote hili la kuingiza upepo na bado linasikia joto?"

Nikaanza kumweleza kwamba lile tundu halipozi injini, linapoza hewa inayosukumwa na tabo kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo ni vitu viwili tofauti. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuzia maji buku kwa dumu. Naamini bei ya kawaida haikuwa buku, ila sikuwa kwenye nafasi ya kubishana.

Nikarudi Dodoma kwa kusimamasimama, nikaipeleka gereji moja, jina naliacha. Fundi akapiga jicho sekunde tano, "rejeta imeziba." Nikaagiza rejeta ya mtumba Dar, ikaja na basi, laki mbili na kitu pamoja na kifurushi. Ikafungwa. Siku ya tatu imechemsha. Fundi wa pili akasema gasketi ya silinda hedi, na kwa Subaru injini lazima ishuke chini ndo afanye kazi vizuri, milioni moja na nusu ufundi, spea juu yangu. Hapo ndo mama watoto akaniletea picha ya IST kwenye simu, hakusema neno, aliniwekea tu simu mezani karibu na sahani.

Ikakaa chini ya mwarobaini wiki kama mbili hivi, kuku wakahamia. Aliyeniokoa ni mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori ambaye Subaru hata hazipendi. Nikampigia kumwomba anikopeshe za kushusha injini, akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, temostati umeipima?"

Nikasema ndio. Uongo. Nikakata simu nikaingia chini ya gari.

Kwenye hizi injini temostati (kale kavalvu kanakofunga na kufungua njia ya maji ya rejeta kufuata joto la injini) haiko juu kama magari mengi, iko chini kabisa pale bomba la chini la rejeta linapoingia kwenye pampu ya maji. Nikafungua boliti mbili, maji yakanimwagikia kwapani, nikatoa kile kifuniko, nikachungulia na tochi ya simu. Hakuna kitu! Tupu! Fundi wa kwanza alikuwa ameshaing'oa na kuitupa, wala hakunitajia. Nilivyomfuata akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Temostati ni ya nchi za baridi boss, huku kwetu joto tunatoaga." Aisee. Kumbe ndo maana na mafuta yalikuwa yanaisha kama yananyonywa, injini ikiwa haifiki joto lake kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Na bado mlimani inachemsha, yaani nimepata hasara ya baridi na hasara ya joto kwa wakati mmoja.

Nikanunua temostati duka la spea hapa mjini, elfu kumi na tano nafikiri. Kwa kuwa nilishachoka kuamini watu nikasema hii naipima kwanza. Unaifunga uzi, unaining'iniza kwenye sufuria ya maji isiguse chini, unawasha jiko unaangalia. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Siku hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, katoka Mpwapwa. Akaingia jikoni akanikuta nimeinama juu ya sufuria na uzi mkononi kama mtu anavua samaki.

"Baba, unapika nini?"

"Napima temostati mama."

Akachungulia, akaniangalia, akatoka taratibu. Nikamsikia sebuleni anamuuliza binti yake kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mume wako huwa anapumzika kweli?"

Maji yakachemka mpaka yanaruka, ile temostati haijafunguka hata unywele. Mpya kabisa! Fikiria ningeifunga hivohivo. Nikarudi dukani, muuzaji akaniambia ukishaichemsha dukani hairudi. Sawa. Nikaagiza orijino ya Subaru kutoka Dar, bei kama mara tano ya ile, ukiziweka pamoja unaona kabisa orijino ni kubwa na nzito, ile nyingine kama toi. Nikaichemsha na yenyewe. Vipovu vidogo vilivyoanza kuota chini ya sufuria tu, ikaanza kufumbuka taratibu kama jicho la paka anaamka. Nilimwita mke wangu aje aone. Hakuja.

Nikafunga, nikajaza maji, nikaenda mpaka Mayamaya, ikachemsha tena. Hapo kusema ukweli nilikaa kwenye buti nikawaza IST, rangi ya silva.

Jioni nikapitia kwa jamaa yangu wa Area C mwenye Forester ya tabo, injini ndugu moja na yangu. Tukafungua boneti mbili tukaweka gari pua kwa pua, tukawa tunalinganisha kitu kimoja kimoja kama watoto kwenye ile michezo ya tafuta tofauti. Yeye ndo akaona. Hizi za tabo zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye katangi kadogo ka chuma kule juu karibu na intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo). Kwa macho vinafanana lakini presha yake haifanani, namba zimeandikwa juu. Vyangu vilikuwa vimebadilishwa! Cha huku kule, cha kule huku. Fundi alivyofunga rejeta alichukua chochote kilichokuwa karibu na mkono. Katangi kale ndo sehemu ya juu kabisa ya mfumo mzima, kifuniko cha pale kisipokuwa chake maji yanaenda yasikotakiwa na hewa inabaki ndani. Vifuniko, jamani. Nilikuwa nakaribia kushusha injini kwa ajili ya vifuniko. Na wala dalili za gasketi hazikuwepo, oili safi, haijachanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa.

Basi ikabaki kutoa hewa, na hapa ndo najisifu. Injini ya Subaru silinda zimelala, mbili kushoto mbili kulia, hewa ikijificha humo kutoka ni kazi. Kujaza haraka na dumu halafu unafunga boneti kama walivyofanya wale ni sawa na hujafanya kitu. Mi nilienda pale wanapooshea magari, nikapanda lile daraja la zege magurudumu ya mbele tu, pua juu. Nikakata chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaigeuza, nikaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli shingoni nikaichomeka kwenye katangi ka juu, ikakaa wima bila kuvuja. Nikafungua na ile skrubu ndogo ya plastiki juu ya rejeta, nikamimina kulanti (ile dawa ya maji ya rejeta) polepole, nusu kulanti nusu maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvichumvi (msiweke maji ya bomba ya Dodoma, chungulia birika lako la umeme ndani utaelewa), mpaka ikaanza kutoka kwenye skrubu bila vipovu, nikaifunga. Kisha washa gari, hita mwisho kabisa, feni mwisho kabisa. Saa nane mchana mwezi wa kumi. Kijana wa kuosha akaniuliza, "Boss, umewasha hita?" Nikamwambia ndio, akaenda kuwaita wenzake.

Huku chupa inacheua. Unaliminya lile bomba la chini na kitambaa, unaachia, kule juu kwenye chupa linatoka povu moja, glup. Unaminya tena, glup. Dakika kumi kimya, unadhani imeisha, halafu linakuja moja kubwa linakurushia kulanti usoni. Na muda wote huo hita inapuliza baridi ingawa injini imeshapata moto, hiyo ndo alama kwamba bado kuna hewa. Kama dakika arobaini hivi, nimelowa jasho mpaka soksi, ghafla ikatoka glup moja ndefu, na hita ikaanza kupuliza moto wa kuunguza kidevu. Nilipiga kelele. Nikasubiri feni za rejeta ziwake na kuzima mara mbili, nikazima gari, nikafunga kifuniko chake halisi mahali pake halisi. Asubuhi yake ikiwa ya baridi kabisa nikafungua, imeshuka karibu nusu lita, nikaongeza. Kesho yake kidogo. Siku ya tatu haikushuka tena. Na usifungue ikiwa ya moto, nina alama kwenye mkono wa kushoto ya kuthibitisha.

Vitu vingine ni vya kawaida, oili naangalia kila nikijaza mafuta kwa sababu hizi ukizisahau oili injini inanoki, yaani inagonga na kufa, na haikupi notisi. Ukitoka kupanda mlima iache inguruma dakika moja mbili kabla ya kuzima, tabo ipoe. Na usikubali mtu akufungie tairi mbili mpya mbele halafu nyuma vipara, hii inavuta miguu yote minne, tairi zikipishana ukubwa unaua difu ya kati. Mi nilishauriwa hivyo kabisa na mtu mwenye cheti. Wale vijana wa kuongeza busti (presha ya tabo) pia muwaepuke, gari ilipangwa kwa petroli ya Japan yenye okteni kubwa, farasi zake 250 za karatasini zinatosha kunifanya nilipe elfu thelathini pale trafiki na tochi yake ya kupima spidi anapojificha nyuma ya mwembe.

Juzi ndo nikarudi kilima kilekile. Gia ya tatu, mzunguko ukapita elfu tatu, tabo ikavuta pumzi, ule msukumo wa mgongoni ukanikandamiza kwenye siti kama siku ya kwanza niliyoinunua, kona inakuja, usukani unajua kila tairi iko wapi, mshale umetulia katikati kama umechorwa. Nilisimama pale nilipochemsha nikamtafuta yule mzee wa madumu nimwonyeshe, sikumkuta.

Mama mkwe amesharudi Mpwapwa. Kabla hajaondoka alimwambia mke wangu ile sufuria isipikiwe tena chakula, kwa hiyo nimenunua nyingine, na ile ya zamani iko kwenye buti pamoja na uzi wake.