Kumuuguza mke aliyetolewa fibroidi: kuanzia damu ya akiba hadi saa 24 za kwanza

Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa kutoa fibroidi (uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye kizazi) kwa kupasua tumbo, kizazi kikaachwa. Ninaandika kwa ajili ya mume anayeambiwa "njoo naye Jumatatu asubuhi" bila kuelezwa kwamba kuna kazi nyingi zinazomsubiri yeye pia, na kwamba kubwa kuliko zote ni kukumbuka kwa niaba ya mgonjwa. Mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi huongea na daktari, hujibu vizuri tu, kisha asikumbuke hata neno moja. Nunua daftari dogo na kalamu, viwe mfukoni muda wote.

Anza na damu. Misuli ya kizazi ina mishipa mingi, na kila uvimbe unapong'olewa huacha shimo linalovuja mpaka lishonwe. Wanawake wengi wenye fibroidi nao hufika hospitali damu ikiwa imeshapungua kwa sababu ya hedhi nzito. Kwa hiyo uliza kliniki ya kwanza kabisa: wingi wa damu yake (hemoglobini) ni ngapi, na daktari anataka ufike ngapi kabla ya kumpasua? Akiandikiwa vidonge vya kuongeza damu, vinahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, si siku mbili. Avinywe na maji au juisi ya machungwa. Chai ya rangi au ya maziwa ikae mbali navyo saa moja au mbili, kwani chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe tumboni.

Kuhusu ndugu wa kuchangia, kwa hapa Tanzania mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Si lazima kundi lake la damu lifanane na la mgonjwa, maana benki ya damu huweka akiba na kutoa inayofaa. Wapeleke mapema, wawe wamekula na kunywa maji, na wazidi idadi uliyoombwa: kuna atakayerudishwa kwa presha, na kuna ambaye wingi wa damu yake utakuwa chini ya gramu 12.5 kwa desilita. Damu hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini B na C kabla ya kutumika, kwa hiyo ya asubuhi ileile inaweza isimfae mtu anayeingia chumba cha upasuaji saa tatu.

Usiku wa kuamkia upasuaji, suala ni kufunga. Kanuni ya kawaida ya madaktari wa usingizi ni chakula kisimame saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Hospitali nyingi husema tu "asile wala kunywa kuanzia saa sita usiku", fuata ulichoambiwa. Sababu yake ni nzito: mtu akilazwa usingizi, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Akila kwa bahati mbaya semeni, hata kama upasuaji utaahirishwa. Na dawa zote zitajwe: za presha, za sukari, za kuyeyusha damu, na mitishamba anayokunywa kimyakimya.

Kucha nazo zina mambo yake. Rangi ya kucha, kucha za bandia na piko vitoke, angalau kwenye vidole viwili vitatu, kwa kuwa kile kipimo kinachobanwa kidoleni husoma oksijeni kwa mwanga unaopita humo. Pete, hereni, cheni na shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani. Madaktari hutumia kisu cha umeme kuzuia damu, na chuma mwilini kinaweza kuunguza ngozi. Shanga, hata zisizo za chuma, hukaa palepale panaposafishwa na kufunikwa. Mke akitaka azikate na kuzihifadhi yeye mwenyewe, mwachie nafasi hiyo.

Asubuhi ataulizwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anafanyiwa nini, na maswali hayo yatarudiwa na watu tofauti. Ni utaratibu wa usalama, usikasirike. Fomu ya ridhaa anasaini yeye akiwa na akili timamu, na kabla ya kusaini aulize jambo moja zito: damu ikikataa kusimama, kizazi kitaondolewa? Mzungumze hilo nyumbani kwanza.

Akishaingia, usihesabu muda wa kupasua peke yake. Kuna kuandaliwa, kulazwa usingizi, kisha kuangaliwa baada ya kuzinduka, hivyo upasuaji wa saa mbili unaweza kumweka ndani saa nne au zaidi. Kaa mahali unapoweza kuitwa, simu ikiwa na chaji na hela ikiwa karibu, kwa maana unaweza kutumwa dawa.

Daktari akitoka, fungua daftari. Fibroidi ngapi zimetolewa? Damu imepotea kiasi gani, na ameongezewa? Je, walipasua mpaka kufika kwenye uwazi wa ndani wa kizazi? Jibu la swali hili la mwisho husaidia kuamua kama mimba ijayo italazimu kuzaa kwa upasuaji, kwa hiyo omba liandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Anywe maji saa ngapi, ainuke lini, mpira wa mkojo utoke lini?

Kisha huenda ukakabidhiwa kopo lenye nyama iliyotolewa ulipeleke maabara ya patholojia, inakochunguzwa nyama hiyo. Hapa watu wengi huharibu majibu. Nyama ikae ndani ya fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze), ambayo kwa kawaida huwa mara kumi ya ujazo wa nyama. Isiwekwe kwenye maji wala kwenye friji. Kopo liwe na jina lake kamili, namba ya faili na tarehe, vifanane na fomu. Funga vizuri, usinuse, na kamwe usilale nalo nyumbani kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.

Akirudi wodini atatetemeka. Ni kawaida baada ya usingizi. Mfunike blanketi mbili, lakini chupa ya maji ya moto hapana: akiwa amechomwa ganzi ya mgongo, miguu haisikii, ataungua bila kulalamika. Koo litamuuma kama aliwekewa mpira wa kupumulia. Mfuko wa mkojo ubaki chini ya usawa wa kitanda, usiupandishe juu ya tumbo mnapomgeuza, ili mkojo usirudi kwenye kibofu.

Katika wodi nyingi za wanawake mume haruhusiwi kulala. Dada yangu, wifi yake, ndiye aliyekesha, na daftari likabaki mikononi mwake. Kila saa aliandika mambo haya: mkojo umeongezeka kiasi gani, pedi na bandeji zina damu kiasi gani, maumivu ni mangapi kati ya kumi, na anapumuaje. Mkojo unaotosha ni kama nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mama wa kilo 60 atoe takriban mililita 30. Ukipungua, kwanza angalia kama mpira haujakunjika au kukaliwa, ndipo umwite muuguzi. Mwite mbio akiwa na mapigo ya kasi, jasho la baridi, kiu na wasiwasi usioelezeka, au pedi inayolowa ndani ya saa moja. Hata bandeji ikiwa kavu, anaweza kuvuja damu ndani ya tumbo. Na akiwa amechomwa pethidini au mofini, dawa kali za maumivu, usingizi mzito wenye pumzi chini ya 10 kwa dakika si mapumziko. Mwamshe na umwite muuguzi papo hapo.

Usimpe Panadol yako. Huenda paracetamol imeshapita kwenye dripu, na kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi gramu 4 kwa siku. Badala yake fuatilia saa ya dozi inayofuata, muuguzi akumbushwe kabla maumivu hayajapanda, kwa sababu anayeumia hakohoi wala hainuki, na hapo ndipo nimonia na damu kuganda miguuni huanzia. Achezeshe vifundo vya miguu kila saa, avute pumzi ndefu, na akikohoa akumbatie mto juu ya kidonda.

Kuinuka mara ya kwanza, muuguzi awepo. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa kiwiko, akae dakika mbili tatu mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asimame. Asivutwe mikono. Mpira wa mkojo ukitolewa, andika saa. Asipokojoa ndani ya saa 6, au tumbo la chini likijaa kabla ya hapo, mweleze muuguzi.