Taa za mchana na kile ambacho dereva hakioni nyuma ya gari lake

Siku hizi magari mengi yanayoingia nchini huwasha taa nyeupe za mbele mara tu injini inapowashwa, hata kama jua ni la utosi. Hizo ni taa za mchana, na kazi yake ni kumfanya mwenzako akuone mapema, si kukuangazia njia. Zilianzia nchi za kaskazini, ambako jua la majira ya baridi ni hafifu: Sweden iliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana tangu mwaka 1977, na Umoja wa Ulaya ukaagiza aina mpya za magari madogo ziwe na taa maalumu za mchana kuanzia Februari 2011. Kanuni za huko huitaka kila taa itoe mwanga wa kati ya kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 400 na 1,200, kiasi cha kuonekana bila kuumiza macho.

Shida huanza jua linapozama. Katika magari mengi, taa za mchana zikiwaka za nyuma hazijawaka, na kwa kuwa dashibodi za kisasa hung'aa saa zote, dereva huona mwanga mbele yake na kudhani amekamilika, huku lori linalomfuata halioni chochote mpaka akanyage breki. Kuiweka swichi kwenye AUTO, ili taa zijiwashe zenyewe, hakutoshi kila mara, kwani kihisi hupima mwanga na si mvua. Mvua kubwa ya saa nane mchana inaweza kulificha gari zima bila taa za nyuma kujiwasha. Tazama dashibodi: alama ya kijani ya taa mbili zilizopeana mgongo ndiyo inayokuhakikishia kwamba za nyuma zinawaka. Usipoiona, zungusha swichi mwenyewe.

Taa za kawaida za usiku, zile tunazoziita dimu, nazo zina upande. Kwa kuwa sisi na Wajapani tunaendesha kushoto, mwanga wake hupanda kidogo kushoto ili umwonyeshe mtembea kwa miguu, na hushuka kulia ili usimpofushe anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara hufanya kinyume, kwa hiyo mtu anayevuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda, wanakoendesha kulia, anaweza kupigiwa full na kila anayepishana naye ilhali yeye yuko kwenye dimu. Kubandika balbu za LED katika taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni huleta kero hiyohiyo, maana chanzo cha mwanga kisipokaa pale ulipokuwa uzi wa balbu, kioo huutawanya ovyo.

Kuhusu hazadi, yaani indiketa zote kuwaka na kuzima kwa pamoja (na hapa naomba radhi kwa ukali wangu), kuiwasha kwenye makutano ili kuashiria kwamba unakwenda moja kwa moja ni kuwachanganya wenzako: aliye kushoto kwako huona indiketa ya upande mmoja tu, na kwake wewe unakata kona.