Siku yangu na daftari la kaunta, Mtwara

Saa 11 alfajiri. Umeme hakuna tangu usiku, feni imelala, mimi nimeamka na joto. Chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, nje.

Saa 1 na nusu. Bajaji kutoka Shangani. Dereva hana habari nyingine ila mnada wa korosho, bei imefika wapi. Namsikiliza kwa makini kuliko anavyodhani. Bei ile ndiyo itakayoniletea wanafunzi ofisini.

Saa 2. Mimi ni mhadhiri, na pia mshauri wa taaluma wa wanafunzi chuoni kwetu. Benchi la nje limeshajaa. Anaingia kijana wa mwaka wa pili, amebeba somo la takwimu alilofeli mwaka jana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kaa. Tatizo nini?"

"Hesabu, mwalimu. Sina kichwa cha hesabu."

Zamani ningemwambia aongeze bidii, nikaita wa pili. Siku hizi nafungua daftari la kaunta. Halina majina, namba tu, na safu mbili: sababu aliyokuja nayo, na sababu iliyotoka baadaye. Kwenye ya kwanza naandika "hesabu". Kisha namuuliza alijisajili lini mwaka jana.

Kimya. "Wiki ya tano, mwalimu."

Baba yake ni mkulima Tandahimba. Korosho zilikuwa ghalani, stakabadhi mkononi, malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bado, ada hakuna. Jaribio la kwanza lilimpita akiwa hajasajiliwa. Hiyo inaingia safu ya pili.

Saa 4. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, halijaingia, kila mtu na barua yake ya Bodi ya Mikopo. Tuyaache.

Saa 6. Kikao. Naomba washauri turuhusiwe kuyageuza haya tunayoyasikia kuwa utafiti. Mkubwa mmoja anatikisa kichwa: "Mama, ushauri ni huduma. Utafiti fanya kwenye fani yako." Kwenye kupandishwa daraja, kweli, saa zangu za benchi hazina hata pointi moja.

Nikamuuliza: mkulima akiambiwa apulizie salfa lini kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho, hiyo nayo si huduma? Mbona nyuma yake wapo watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapo jirani tu? Mkorosho una watafiti wake. Mtoto wa mwenye mkorosho tunamshauri kwa mazoea. Akacheka, lakini barua ya kuomba kibali amekubali kuipitisha.

Saa 8 na nusu. Wali samaki, halafu tunajifungia watatu kusoma. Marekani washauri wana chama chao, NACADA, tangu 1979, na jarida la utafiti tangu 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Burns Crookston alishaandika kwamba kumshauri mwanafunzi ni kumfundisha. Makala zao zinatufaa, ila sijakutana na hata moja inayomjua mtoto anayengoja mnada ndipo alipe ada.

Nikawaonyesha daftari kwa majivuno kidogo. Mwenzangu akaligeuza kurasa tatu, akalifunga.

"Dada, wanaokuja kwako ni wenye shida. Aliyechelewa kujisajili akafaulu, yumo humu?"

Hayumo. Iliniuma, maana nilishaanza kutunga kichwa cha makala. Basi tukakubaliana: kibali kikitoka tuombe orodha ya usajili ya darasa zima, tuilinganishe na matokeo, waliofaulu na walioanguka. Na wale wa daftarini nitawaomba ridhaa upya, kwa maandishi. Walikuja kunieleza shida zao, hawakuja kuandikwa.

Saa 11 jioni. Nafunga mlango, binti wa mwaka wa kwanza anauzuia kwa mkono. Anataka kubadili kozi. Kwa nini? "Sijaipenda tu, mwalimu." Nimeandika hivyo hivyo safu ya kwanza. Ya pili iko wazi. Kasema atarudi kesho, akishaongea na mama yake Newala.