Kivuli kimenitesa hadi usiku wa manane

Jamani, picha moja imeninyima usingizi! Kaka yangu alitaka aonekane na chukudu yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nyuma mlima wa volkano Nyiragongo. Mlima nilikuwa nao, niliupiga asubuhi nikitazama kaskazini. Yeye nilimpiga asubuhi ileile hapa Goma, kamera ikielekea ziwani, kusini. Nikaziunganisha picha hizo mbili kwa kuhariri, nikapanga tabaka juu ya tabaka, nikalainisha kingo, nikaufifisha mlima kidogo ili uonekane uko mbali. Bado uongo mtupu! Kumbe kwenye mlima jua linatoka kulia, kwake linatoka kushoto. Nikamgeuza kama kwenye kioo, nikachora upya kivuli cha magurudumu juu ya yale mawe meusi ya volkano. Safi kabisa, nikamtumia.

Akajibu: “Mbona maandishi ya tisheti yangu yanasomeka kinyume?”