Elfu Kumi Hewani

Kutoka Dar hadi Mombo sina la kusimulia, isipokuwa kiti kilichovunjika mgongo ambacho nilikilipia nauli ileile ya waliokaa vizuri. Nilikuwa nimepakata feni ya mtambo wa kurushia matangazo, niliyoinunua Kariakoo, naipeleka kwenye redio moja ndogo ya jamii huko milimani, mbele ya Lushoto. Fundi mitambo wao ni rafiki yangu tangu chuoni. Alinipigia: mjusi kafiri ameingia kwenye feni, mjusi kafa, feni nayo kafa, na mtambo ukipata joto unajizima katikati ya taarifa ya habari. Kwa muda ulikuwa ukipulizwa na feni ya mezani ya mama muuza chai wa jirani, naye alikuwa anaidai kila asubuhi.

Lushoto nililala kwenye gesti ya bei ya Dar, maji ya barafu.

Asubuhi nikachukua bodaboda. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, mlima ukikaa kati upande wa pili haupati kitu, kwa hiyo redio ile imejengwa juu kabisa kwenye ukungu. Tulipatana elfu sita. Tulipofika mlangoni kijana akataka elfu kumi, eti boksi nalo ni abiria. Nikakataa. Fundi akatoka kunitetea, sauti zikapanda.

Mtangazaji alikuwa ameacha wimbo unacheza na kwenda kuchota maji. Swichi ya maiki ya studio ilikwama zamani; ili kuizima huwa wanachomoa waya. Siku hiyo waya haukuchomolewa, na taa nyekundu ya kuonya iliungua balbu. Ugomvi wetu ukaenda hewani bonde zima.

Tulijua simu ilipoanza kuita. Wa kwanza alisema, "Mwambieni huyo kijana aache, juzi kanileta kwa elfu tano." Wa pili akamtetea: petroli imepanda, alipwe. Wa tatu, bibi mmoja, aliuliza boksi lina uzito gani. Fundi hakubabaika. Alikaa kwenye maiki akasema, "Wasikilizaji, hayo yalikuwa majadiliano ya nauli. Tumefika elfu saba. Sasa tunazima kidogo, tunafunga feni mpya."

Nilicheka hadi mbavu zikauma, kisha nikamkumbuka babu kule Newala, akianika betri juani juu ya bati ili zifike taarifa ya saa mbili usiku. Redio yake ilisema, yeye akasikiliza. Angekuwa na namba ya kuipigia, angepiga kila siku, maana alikuwa na la kusema juu ya kila kitu, hasa bei ya korosho.

Feni ilifungwa, ya mama chai ikarudi kwake ikiwa imefutwa vumbi. Jioni kijana yuleyule alinishusha Lushoto kwa elfu tano bila kuombwa, na kila kijiwe tulichopita walimwita kwa jina jipya: Elfu Kumi.